Walijuaje Kama Ni Tasa?

Jioni moja ya mwezi wa saba nilikuwa Newala, kwenye ile baridi ya juu ya uwanda inayomfanya mtu akae na koti hata jikoni. Mama Mkubwa alikuwa kwenye kigoda, sufuria ya ming'oko inatokota mbele yake. Mpwa wangu, wa darasa la tano, alikuwa amelala kifudifudi mkekani na daftari lake, anakariri kwa sauti.

"Namba tasa ni namba inayogawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu. Namba tasa ni namba inayogawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu."

Alipofika mara ya tatu, Mama Mkubwa akaweka mwiko chini.

"Namba gani hiyo?"

"Namba tasa, Bibi."

"Tasa?"

"Ndiyo. Kama mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja..."

Akanyamaza. Moto ukalia kidogo. Halafu akauliza, taratibu kabisa:

"Walijuaje kama ni tasa?"

Mtoto alinitazama mimi. Mimi nikatazama sufuria. Jibu nilikuwa nalo, na nikalimeza. Nikauliza kama mikorosho imeanza kuchanua, naye akanijibu kuhusu mikorosho, na jioni ikaendelea kama jioni nyingine.

Mama Mkubwa hakuzaa.

Kwetu Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mnaotoka huku sina haja ya kuwaeleza uzito wa jambo hilo. Alikaa kwenye ndoa miaka kumi na moja. Ilipovunjika, sababu iliyotajwa mbele ya wazee ilikuwa neno hilohilo ambalo mtoto alikuwa analikariri kwa ajili ya mtihani. Mimi nimelelewa naye tangu nina miaka minne. Sijawahi kulitamka neno hilo nyumbani kwake.

## Neno likanifuata hadi Mtwara mjini

Nilirudi kazini. Nafanya kazi ya hesabu za duka, kwa hiyo namba ndizo zinazonilisha, na kwa wiki nzima kila nilipoandika jumla nilisikia ile sauti ya taratibu. Walijuaje?

Nilidhani nimeelewa alichouliza. Nilidhani ni kidonda kimeguswa, na kwamba swali lilikuwa njia yake ya kusema: hata namba mmezipa jina hili? Nikaona wajibu wangu ni kulishughulikia hilo jina.

Basi nikaanza kulichimba.

Shuleni tulipewa majina matatu kwa mpigo: shufwa, witiri, tasa. Mawili ya kwanza Mama Mkubwa anayajua vizuri kuliko mimi. Witiri anaisali kila usiku baada ya Isha, na shufwa na witiri yamesimama pamoja mwanzoni mwa Suratul Fajr. Ni maneno ya Kiarabu, yakaja na watu wa pwani, yakakaa. Lakini Waarabu wenyewe, waliotupa hayo mawili, namba kama 7 na 11 wanaziita *awwali*, yaani za mwanzo. Wagiriki kabla yao waliziita vilevile. Euclid, aliyefundisha Aleksandria karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, aliziita namba za kwanza. Kilatini kikafuata, na lugha za Ulaya zikarithi. Wote hao walitazama namba hizi wakaona mwanzo.

Sisi tuliona tasa.

Na kinachonisumbua zaidi kimo ndani ya lugha yetu wenyewe. Kitabu kilekile cha hisabati kinaliita jibu la kuzidisha *zao*. Zao la 3 na 4 ni 12. Ni neno lilelile la zao la korosho, na shina lake ni kuzaa. Kwa hiyo kwenye Kiswahili 3 na 4 zimezaa 12. Sasa ukiirudisha 12 nyuma hadi mwisho wa nasaba yake, unakuta 2, 2 na 3. Ukiirudisha 35 unakuta 5 na 7. Kila namba nzima iliyo zaidi ya 1, kama yenyewe si tasa, ni zao la namba tasa, tena kwa namna moja tu. Ukibadilisha mpangilio, wazazi ni walewale. Euclid aliliweka wazi sehemu kubwa ya hilo, na Carl Friedrich Gauss, mwanahisabati wa Ujerumani, akalithibitisha kikamilifu katika kitabu chake cha mwaka 1801.

Wazazi wa namba zote ndio tuliowaita tasa.

Nilikaa na sentensi hiyo usiku mzima. Kama ni suala la kuitetea, namba tasa ni namba isiyozaliwa na nyingine. Kosa liko hapo: mtu alichanganya asiyezaliwa na asiyezaa.

Nikaanza kuandika barua ya kupendekeza jina jipya. Niliandika "namba msingi" kama mara sita katika ukurasa mmoja. Nikamtaja Nicomachus wa Gerasa, mwalimu wa mwishoni mwa karne ya kwanza baada ya Kristo, aliyezigawa namba katika makundi kwa kujumlisha vigawo vyake. Vigawo vya 6, ukiiacha 6 yenyewe, ni 1, 2 na 3, jumla 6, akaiita kamilifu, pamoja na 28, 496 na 8,128. Jumla ikizidi, akaifananisha na kiumbe chenye midomo mingi kupita kiasi. Jumla ikipungua, akaifananisha na kiumbe kilichokosa jicho au mkono. Nilimtaja kuonyesha kwamba binadamu wamekuwa wakizipachika namba aibu za miili yao kwa karibu miaka 2,000, na kwamba tunaweza kuacha.

Halafu kalamu ikasita.

Nani aliniomba? Mama Mkubwa hakusema neno hili liondolewe. Hakusema limemuumiza. Aliuliza swali moja, na mimi niliyesoma nikalipa maana niliyoitaka, nikaondoka nalo.

## Kilo 312

Mwezi wa nane nilipanda tena Newala, na safari hii nilikusudia kulijibu swali kama lilivyoulizwa. Nikamwambia nataka kumwonyesha namba tasa ni nini, ila tutumie namba yake mwenyewe.

Akaenda chumbani akarudi na ile bahasha ya kaki anayotunzia karatasi za chama cha msingi cha ushirika. Akachambua, akanipa moja ya msimu uliopita. Kilo 312 za korosho, daraja la kwanza. Bei baada ya makato, shilingi 2,310 kwa kilo.

Jumla: 720,720.

"Hii naikumbuka," akasema. "Iligawanyika vizuri."

Niliuliza ana maana gani. Akaeleza kwamba siku fedha ilipoingia alikuwa na watu saba wa kuwagawia, yeye mwenyewe akiwa wa saba. Akampa jirani mwenye simu kubwa apige hesabu. Ikatoka 102,960 kila mmoja, bila baki. Kabla hajaanza kugawa akamkumbuka binti wa marehemu dada yake mdogo, wakawa wanane. Jirani akapiga tena. Ikatoka 90,090, bila baki.

"Nikasema hii fedha ina baraka. Nimeongeza mtu na haijagoma."

Mpwa wangu alikuwa ameshachukua simu yangu. Kwa tisa: 80,080. Kwa kumi: 72,072. Kumi na moja: 65,520. Kumi na mbili: 60,060. Alikuwa anapandisha sauti kila jibu lilipotoka zima. Kumi na tatu, 55,440. Kumi na nne, 51,480. Kumi na tano, 48,048. Kumi na sita, 45,045. Kumi na saba ikagoma, zikabaki shilingi 5.

Mimi nimefanya kazi na namba miaka mingi na sijawahi kukutana na hiyo ana kwa ana. 720,720 ndiyo namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 16. Haikuwa uchawi wala bahati ya nyota, ni kilo za mwanamke mmoja mara bei ya mnada mmoja.

Ukiifuata nasaba yake unapata 2 mara nne, 3 mara mbili, kisha 5, 7, 11 na 13, kila moja mara moja. Kutoka hapo unaweza kuhesabu vigawo vyake bila kuvitafuta kimoja kimoja. Kila kigawo kinachagua kichukue 2 ngapi (hakuna, moja, mbili, tatu au nne, njia tano), 3 ngapi (njia tatu), na kama kitachukua 5, 7, 11 na 13 au kitaziacha (njia mbili kila moja). Tano mara tatu mara mbili mara mbili mara mbili mara mbili.

Vigawo 240.

Hakuna namba yoyote iliyo chini yake yenye vigawo vingi hivyo. Namba zinazovunja rekodi namna hii zilichunguzwa na Srinivasa Ramanujan, mwanahisabati wa India, katika andiko refu la mwaka 1915. Nampenda Ramanujan kwa sababu ambayo watu wa miji ya bandari wataielewa: kabla ya kwenda Cambridge mwaka 1914 alikuwa karani katika ofisi ya bandari ya Madras, anaandika takwimu za watu wengine mchana na za kwake usiku.

Kwa Nicomachus hii ingekuwa ile yenye midomo mingi. Vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, jumla yake ni 2,529,072, zaidi ya mara tatu na nusu ya namba yenyewe. Mimi nikimtazama Mama Mkubwa na watu wake wanane sioni midomo mingi kupita kiasi. Naona namba iliyotosha.

## Korosho mkekani

Kisha nikamwaga korosho mkekani, kumi na mbili. Nikazipanga mistari miwili ya sita. Nikazipanga mitatu ya nne. Nikaongeza moja, zikawa kumi na tatu, nikamwambia azipange kwenye mistari iliyo sawa.

Alijaribu miwili. Alijaribu mitatu. Alijaribu minne, mitano, mitano tena kwa kuhamisha ile iliyobaki. Mwisho akazipanga zote mstari mmoja mrefu kuelekea mlangoni.

"Hizi haziwezekani ila hivi."

"Hiyo ndiyo namba tasa, Mama."

Alizitazama muda mrefu.

"Kwa hiyo mpaka ujaribu," akasema.

"Mpaka ujaribu."

Ningekuwa na akili iliyotulia ningemsikia pale pale. Lakini nilikuwa nimeshika njia nyingine. Nilitaka kumwonyesha zile za kuzaa, nilitaka aone kwamba tasa ndizo wazazi, nilitaka niwe nimemletea kitu. Na mpwa wangu akaniuliza swali lililonivutia kuliko yote.

"Mjomba, na Bibi angepata shilingi moja zaidi?"

## Shilingi moja

720,721.

Fikiria kidogo. Kama 720,720 inagawanyika kwa kila namba kuanzia 2 hadi 16, ukiongeza moja, kila mgawanyo utabakiza moja. Kwa mbili inabaki moja. Kwa saba, moja. Kwa kumi na tatu, moja. Fedha iliyokuwa na baraka kwa watu wanane, kumi, kumi na tano, inagoma kwa wote kwa sababu ya shilingi moja.

Hii ni hila ya zamani, na ni ya Euclid. Zidisha namba tasa zote unazozijua, ongeza moja. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kuigawa namba mpya bila baki. Kwa hiyo ama namba mpya ni tasa, ama ina wazazi ambao hukuwa unawajua. Kwa vyovyote orodha yako ilikuwa pungufu, na itakuwa pungufu daima. Namba tasa hazina mwisho. Mwezi wa kumi mwaka 2024 ilitangazwa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi siku hiyo, 2 kwa kipeo cha 136,279,841 kasoro moja. Ukiiandika yote ina tarakimu 41,024,320.

Mimi sikukumbuka ile "ama" ya pili.

Nilimwambia mpwa wangu kwamba yawezekana sana 720,721 ni tasa, na kwamba nitaipima. Usiku ule umeme ulikatika, nikakaa na kalamu na taa ya chaji. Nilikwenda kwa utaratibu, namba tasa moja baada ya nyingine. 17, inabaki 6. 19, inabaki 13. 23, inabaki 16. 29. 31, inabaki 2. Saa tano usiku nilikuwa kwenye 53. Nikapitia 59, 61. Nikafika 67, ikabaki 2.

Nikafunga daftari.

Nilijua kanuni. Kama namba ni zao la mbili, mojawapo lazima isizidi kipeuo chake cha pili, maana zote mbili zikizidi hapo zao litapitiliza. Kipeuo cha pili cha 720,721 hakifiki 849. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni 146, na mimi nilikuwa nimepima 19. Nilijua yote hayo. Lakini niliona imekataa mara 19 mfululizo, na ilikuwa na sura ya tasa, na nilikuwa nimechoka, na asubuhi nilikuwa na gari la saa kumi na mbili.

Wakati wa kunywa chai ya alfajiri nikamwambia Mama Mkubwa: "Ile namba nyingine nimeipima. Ni tasa."

Akanijibu, "Haya, baba."

## Simu ya mpwa wangu

Siku tisa baadaye simu ililia mchana nikiwa kazini. Mpwa wangu. Ametumia simu ya jirani.

"Mjomba, shikamoo. Ile namba si tasa."

"Marahaba. Ipi?"

"Ya shilingi moja. Nimeipata. Ni 71."

Nilishika kikokotoo kilichokuwa mezani. 71 mara 10,151. Nikabonyeza sawasawa na. 720,721.

Namba iliyofuata baada ya 67 ni 71.

Alikuwa hajatumia ujanja wowote. Alijaribu tu kila namba, hata zile zisizo na haja kama 68 na 70, kwa sababu hakuna aliyemwambia azipite. Akaendelea pale nilipoishia. Akaniambia pia ile ya upande wa pili, 720,719, ya kupunguza shilingi badala ya kuongeza, nayo si tasa. Ameigawa kwa 31. Nilipoimalizia mimi nikakuta ni zao la 31, 67 na 347.

Namba mbili, moja kila upande wa ile yenye vigawo 240. Zote mbili zinagoma kwa kila namba kuanzia 2 hadi 16. Zote mbili zina sura ya tasa. Zote mbili si tasa.

Nilimpongeza, na nilimaanisha. Halafu nikamuuliza kama amemwambia Bibi.

"Nimemwambia. Amesema nikwambie na wewe."

Nilikata simu, nikashindwa kuendelea na kazi.

## Alichokuwa anauliza

Nilikwenda Newala Jumamosi iliyofuata. Sikuwa na safari nyingine, nilikwenda kwa hilo tu. Nikamkuta uani anapepeta mbaazi. Nikamsalimu, nikakaa chini, nikamwambia nilimpa neno lisilo la kweli. Nilimwambia namba ni tasa na sikuwa nimeipima hadi mwisho.

Aliendelea kupepeta kwa muda.

"Uliishia wapi?"

"Sitini na saba."

"Na yenyewe ilikuwa?"

"Sabini na moja."

Akaweka ungo chini.

"Siku ile nilipomuuliza mtoto walijuaje, wewe ukanikimbiza kwenye mikorosho. Mimi nilikuwa nauliza kweli. Nilitaka kujua huko kwenye hesabu wanafanyaje. Kwa sababu mimi hakuna aliyenipima."

Sikujibu.

"Waganga niliwaona. Dawa nilikunywa. Nilipofika hospitali nikaambiwa nije na mwenzangu, tupimwe wawili. Mwenzangu akasema yeye hana haja, yeye ni mzima. Wazee wakakubali. Basi. Likasemwa neno, likawa neno. Akaoa mwingine, akaoa na wa tatu. Umewahi kusikia mtoto wake?"

Sijawahi. Hakuna. Mzee yule alifariki nikiwa sekondari, na waliobeba jeneza walikuwa watoto wa dada zake. Nilikuwa najua hayo yote miaka yote, kila kipande, na sikuwahi kuviweka pamoja.

"Sisemi ni yeye," akaongeza. "Nami sikupimwa. Huenda ni mimi, huenda ni yeye, huenda ni sote wawili, huenda ni Mungu tu. Nasema hawakujua. Walisema."

Kisha akaniuliza kama kuna namna ya kujua bila kumaliza kuzipitia zote 146.

Nikamwambia ipo. Nikamwambia kuna vipimo ambavyo ukiipitisha namba vinakuhakikishia si tasa, ingawa havikuonyeshi hata kigawo kimoja. Unajua ina wazazi na huwajui. Na mwaka 2002 wahisabati watatu wa Kanpur, India, Manindra Agrawal na wanafunzi wake wawili, Neeraj Kayal na Nitin Saxena, walionyesha njia inayotoa jibu la hakika kwa namba yoyote, tasa au si tasa, bila kubahatisha na bila muda kupanda kupita kiasi namba inapokuwa ndefu. Kuwatafuta wazazi wenyewe ndiko kugumu. Kuzidisha 71 na 10,151 ni kazi ya dakika moja. Kurudi nyuma kutoka 720,721 kulinishinda usiku mmoja na kukamchukua mtoto siku tisa. Namba zikiwa na tarakimu mamia, hata kompyuta hushindwa, na ugumu huo ndio uliotumiwa na wataalamu watatu, Rivest, Shamir na Adleman, mwaka 1977 kutengeneza njia ya kuficha ujumbe ambayo mpaka leo inalinda siri nyingi kwenye mtandao.

Alisikiliza yote. Kilichomshika ni kile cha kwanza.

"Kwa hiyo wanaweza kumwondolea mtu neno hata kama hawajui mwenye mtoto ni nani."

"Wanaweza."

"Hilo zuri," akasema, akauchukua ungo.

Ile barua ya "namba msingi" bado ninayo. Bado naamini jina letu limegeuzwa juu chini, na sitaacha kusema hivyo kwa mwalimu yeyote atakayenisikiliza. Nilimsomea Mama Mkubwa sehemu ya wazazi na mazao. Alisema ni kweli, imekaa vizuri. Lakini aliposema hivyo alikuwa ananifurahisha mimi, kama mtu anavyosifia chakula cha mgeni. Nilimuuliza moja kwa moja kama neno tasa kwenye daftari la mtoto linamchoma. Akasema kwenye daftari haliumi, kwa sababu pale linakuja mwisho, baada ya kazi.

## 10,151

Kulibaki jambo moja ambalo mpwa wangu hakulisahau. Kama 720,721 ni 71 mara 10,151, je, 10,151 yenyewe ni nini?

Usiku ule tuliifanya pamoja, sote watatu, kwenye meza ya jikoni. Kipeuo chake cha pili kinazidi 100 kidogo tu, na namba tasa zilizo chini ya 100 ni 25, nayo 101 tayari imepita kipeuo, kwa hiyo hakukuwa na kisingizio. Mtoto aliandika, mimi nilihakiki, Mama Mkubwa alikunja kidole kwa kila iliyopita, na vidole vilipokwisha akaanza kutumia mbaazi. Kwa 7 ikabaki 1. Kwa 29 ikabaki 1 tena, na tukadhani imekaribia. Kwa 43 ikabaki 3. Kwa 47 ikabaki 46, pungufu ya moja tu, na mtoto akapiga meza. Kwa 71 yenyewe ikabaki 69. Kwa 89, ikabaki 5.

Ilipofika saa nne alikuwa na mbaazi ishirini na nne mbele yake.

"Bado ngapi?"

"Moja, Bibi. Tisini na saba."

"Ifanye."

Mpwa wangu akagawa polepole, akachora mstari, akahakiki, akanipa nihakiki.

"Inabaki sitini na tatu."

Mama Mkubwa akasogeza mbaazi ya ishirini na tano ijiunge na zenzake. Akazihesabu tena zote, moja moja, kwa kidole.

"Haya," akamwambia mtoto. "Sasa andika."

Akaandika: 10,151 ni namba tasa.